Theluji ya kwanza kwa mtu wa Kampala: Dubai, Lesotho, Moroko au Kitintale?

Kila ikikaribia Juni simu yangu hupata maswali ya aina moja. Kijana ameweka akiba, ameona video za watu wanaoruka na ubao wa theluji, sasa amekwama. Aende Dubai kwa shangazi yake? Ajiunge na wenzake wanaoshuka Lesotho? Asubiri Desemba akaone milima ya Moroko? Au abaki Kampala aanze na ubao wa magurudumu kule Kitintale? Jibu hunichukua jioni nzima na chai mbili, kwa hiyo nimeona heri niliandike.

Mimi nilikulia kambini Jinja. Baba alikuwa askari, na Kiswahili changu ni cha kambi hiyo. Theluji niliiona mara ya kwanza kupitia kioo. Nilikuwa kyeyo, yaani kibarua wa ughaibuni, kule Dubai, mlinzi wa usiku, na siku za mapumziko nilipenda kwenda Mall of the Emirates kusimama mbele ya kioo kikubwa kinachotazama mteremko wa theluji wa Ski Dubai. Nje joto linachoma soli ya kiatu, ndani watoto wamefungwa skafu. Nilitazama miezi minne. Mwezi wa tano nikalipa, nikaingia, nikaanguka mpaka suruali ikaganda makalioni, nikatoka nikijua nimekwisha. Tangu siku hiyo sehemu kubwa ya akiba yangu huishia kwenye ubao. Mke wangu ana jina lake kwa ugonjwa huu, silitaji hapa.

Nianze na swali la mlima wa kwetu, maana lazima litaulizwa. "Si tuna theluji Rwenzori?" Tunayo, na Bakonzo, wenyeji wa mlima huo, wana jina la Rwenzururu, yaani nchi ya theluji, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kilichoko kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, ni mabaki ya barafu ngumu yenye nyufa, na yanapungua mwaka hadi mwaka. Kuyafikia ni siku kadhaa za kutembea, ukipita tope la Bigo linalomeza buti. Hakuna lifti, hakuna mwalimu, na ukiteleza pale hujui utasimamia wapi. Ule ni mlima wa kupandwa kwa kamba na vyuma vya meno miguuni. Tuuache.

Ninapima kwa nini

Vitu vitano: saa za ubao, theluji na mteremko wenyewe, njia na makaratasi, mfuko, na mwisho walimu na vifaa. Bei sitazitaja kwa tarakimu kwa sababu hubadilika kila msimu. Nitasema tu pesa yako inakwenda wapi.

Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni saa za ubao, yaani katika siku moja uliyoilipia, ni saa ngapi umesimama juu ya ubao ukifanya kazi. Ubao wa theluji haufundishiki kwa siku moja. Siku ya kwanza unakaa chini kuliko unavyosimama. Siku ya pili unashika ukingo wa kisigino: unashuka ukiwa umeukingamisha ubao na mteremko, uzito umeutupa nyuma kidogo, na ubao unakwangua theluji kama mtu anayekwangua nazi. Hapo unaweza kwenda kushoto na kulia kama jani linaloanguka, na unajiona bingwa. Kisha unajaribu kugeuka, ukingo wa upande wa chini unakamata theluji, na unapigwa chini kabla hujajua umeanguka. Sijawahi kuona anguko la haraka kama hilo, hata la boda. Siku ya tatu ndipo mgeuko wa kwanza na wa pili vinashikana, na raha inaanza. Watu wengi wa kwetu hulipia siku mbili, halafu wanarudi nyumbani wakisema mchezo huu ni wa wazungu. Waliondoka usiku wa kuamkia harusi.

Dubai: mlima ndani ya duka

Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005. Ni ukumbi uliofunikwa wenye miteremko mitano, na mrefu kuliko yote una mita 400 hivi. Baridi yake hukaa karibu na nyuzi sifuri, na theluji mpya hutengenezwa usiku baridi ikiongezwa, kwa hiyo saa za mwanzo za siku ndizo tamu. Kufikia jioni imeshakanyagwa, imekuwa na mabaka yanayong'aa.

Kwa saa za ubao, hakuna panapoishinda kwa mwanafunzi. Hakuna upepo wala ukungu, hakuna siku iliyofungwa kwa sababu ya hali ya hewa, na lifti ya viti inakurudisha juu dakika chache baada ya kufika chini. Unanunua muda, na muda wote huo uko kazini. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui hadi wafike: hawakuruhusu kupanda lifti kwenda mteremko mkubwa mpaka uonyeshe unaweza kugeuka na kusimama. Bila hivyo unabaki sehemu ya wanaoanza pamoja na watoto wa miaka sita, na hao watoto watakupita. Panga somo mapema.

Njia ni rahisi. Ndege za moja kwa moja kutoka Entebbe zipo, viza hushughulikiwa na mawakala wengi wa mjini, na karibu kila familia ina mtu wake huko wa kumlaza mgeni sebuleni. Hilo la mwisho lisidharauliwe, kwa sababu Dubai pesa inaliwa na kitanda zaidi ya theluji. Ukienda Julai au Agosti joto linawafukuza watalii na hoteli hushuka bei, na ndani ya ukumbi joto la nje halikuhusu.

Vifaa vimo kwenye tiketi: koti, suruali, mabuti, ubao. Glavu na kofia ni vyako. Walimu ni wa kutoka kila pembe ya dunia, na Kiingereza kinatosha.

Kasoro yake ni kwamba mita 400 zinaisha. Ukishajua kugeuka, ni chini ya dakika moja umefika chini, unageuza shingo kutafuta mlima, unaona watu wanakula burga nyuma ya kioo. Mimi pia nilikuwa nyuma ya kioo kile, kwa hiyo huwa nawapungia mkono. Panamfaa anayeanza kabisa, mwenye siku chache, asiyependa kubahatisha hali ya hewa, na mwenye ndugu mjini.

Lesotho: baridi ya kweli, barabara ya kweli

Afriski, kituo cha michezo ya theluji, iko kwenye milima ya Maluti, juu ya mita 3,000, karibu na njia ya mlimani ya Mahlasela yenye mita 3,222. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, kipupwe cha kusini. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi, na mashine hutengeneza theluji usiku ili kuziba pengo la mbingu. Usitarajie milima yote nyeupe kama kwenye kalenda. Mara nyingi utaona ukanda mweupe umetandikwa juu ya majani ya kahawia, kama zulia la harusi. Lakini ukanda huo ni theluji, na una urefu wa kukufundisha kugeuka mara ishirini bila kusimama. Pana pia bustani ya vikwazo na miruko kwa waliokwisha kukomaa, inaitwa Kapoko.

Njia ndiyo mtihani. Unaruka Entebbe hadi Johannesburg, kisha gari saa tano hivi, unavuka mpaka wa Caledonspoort, unapita Butha-Buthe na kupanda Moteng. Barabara ni ya lami lakini kona zake ni kali, na theluji ikishuka usiku asubuhi inaweza kuwa kioo. Heri yetu ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi. Sasa makaratasi: Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hiyo ukiingia Lesotho umetoka Afrika Kusini, na ukirudi unaingia mara ya pili. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Gari la kukodi linahitaji barua ya kuruhusiwa kuvuka mpaka, iombe siku ya kulipia, si mpakani. Na kadi ya manjano ya homa ya manjano usiiache nyumbani, kwa Mganda huulizwa.

Saa za ubao hapa zina doa dogo. Lifti yao ni ya kukokota: unatoa mguu wa nyuma kwenye kifungo cha ubao, unabana fimbo katikati ya mapaja, kebo inakuvuta na ubao wako unateleza chini yako. Kwa mtu wa ubao hili ni somo la pekee. Siku ya kwanza nilianguka mara tatu kabla ya kufika nusu, na nyuma yangu foleni ikinitazama kwa huruma ile inayouma kuliko matusi. Mara ya nne nikafika juu nimekumbatia fimbo kama mtoto mgongoni. Hesabu asubuhi nzima ya lifti peke yake. Wikiendi foleni ni ndefu maana nusu ya Johannesburg imepanda mlima, kwa hiyo nenda Jumatatu hadi Alhamisi ukiweza.

Kimo nacho kinahesabiwa. Kampala iko kama mita 1,200 tu. Usiku wa kwanza kule juu kichwa kiliniuma na usingizi ukakatika vipande. Kunywa maji, usile sana, na usipange somo asubuhi ya kwanza ukifika usiku.

Lakini walimu wa kule ndio waliobadilisha ubao wangu. Mmoja, Mosotho, alinitazama nikishuka kwa ukingo wa vidole huku nimesimama wima kama askari wa gwaride. Akavua glavu yake moja, akaichomeka kati ya goti na kifundo changu, pale mbele ambapo ulimi wa buti unagusa muundi. "Ikianguka, umekosea," akasema, akaniacha niende. Ilianguka hatua ya pili. Nikairudisha, nikakunja magoti, nikaubana muundi kwenye buti, ikakaa. Nilishuka mteremko wote na glavu ya mtu mguuni, na kwa mara ya kwanza ubao ulikata theluji badala ya kuikwangua. Sauti yake ni nyingine kabisa, kama shuka jipya linapochanwa.

Mfuko: theluji yenyewe si ghali ukilinganisha na Dubai. Kinachokula ni gari, mafuta na malazi, kwa sababu kulala mlimani kuna ushindani. Mkienda wanne mkagawana gari, hesabu inabadilika kabisa. Maloti na randi zina thamani moja, na randi zinapokelewa, huna haja ya kubadili mara mbili. Panamfaa mwenye siku tano au zaidi, mwenye wenzake, na anayetaka mlima wenye upepo na nyota.

Moroko: uzuri wa bahati nasibu

Oukaïmeden iko kwenye Atlasi ya Juu, kilomita 80 hivi kutoka Marrakech. Kijiji kiko kama mita 2,600, na lifti inafika zaidi ya mita 3,200. Kwa marefu na mapana ya mteremko, kati ya hizi nne hakuna panapogusa hapa. Siku theluji imeshuka vizuri unasimama juu, unaona Atlasi nyeupe mbele na mabonde mekundu chini, unasahau deni lako la sako.

Tatizo liko kwenye hilo neno "siku". Theluji ni ya mbingu, kwa kawaida kati ya Desemba na Machi, na kuna wiki mawe yanachungulia. Nilikwenda Januari moja kwa siku nne, nikapanda ubao siku moja na nusu. Hizo nyingine nilikunywa chai ya nanaa na kutazama mawingu kama mkulima. Kwa saa za ubao, basi, hii ndiyo safari ya kubahatisha kuliko zote. Anayeanza asiweke akiba yake yote hapa.

Njia: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Unaunganisha, na unapoteza karibu siku nzima kila upande. Viza iombwe mapema. Kutoka Marrakech ni teksi ya kukubaliana bei. Mara ukishuka, watu wa ubao na punda wanakujia. Punda wa kweli: wanabeba watu na vifaa pale ambapo lifti haifiki, na nakiri ndiyo lifti niliyoipenda kuliko zote.

Mfuko, ukishafika, unapumua. Tiketi ya lifti ni nafuu, chakula nafuu, na kulala Marrakech kuna bei kwa kila mfuko. Vifaa hukodishwa kwa kupatana kama sokoni, na hali yake ni ya kupatana pia. Kagua vifungo vya ubao kabla hujatoa dirhamu: vuta kila mkanda, kaza kila skrubu, uliza bisibisi. Wafundishaji wapo, wengi wa ski, wa ubao ni wachache, na Kifaransa kinasaidia. Panamfaa aliyekwisha kujua kugeuka, anayependa safari yenyewe, asiyelia theluji isipokuja.

Kitintale: zege badala ya theluji

Wapo watakaosema hapa nimechanganya. Bustani ya ubao wa magurudumu ya Kitintale, njia ya kwenda Port Bell, ilijengwa mwaka 2006 na imelea vijana wengi. Nauli ni boda tu, karatasi huhitaji, na saa za ubao ni za kuanzia asubuhi hadi jua litue. Hakuna mlima duniani utakaokupa saa hizo kwa pesa hizo.

Inakufundisha nini? Kujua mguu gani unakaa mbele, kutazama unakokwenda badala ya vidole vyako, kukunja magoti, na kuanguka bila aibu. Haikufundishi ukingo. Ubao wa magurudumu unageuka kwa kuulemea, na mambo yakiharibika unaruka unauacha. Kwenye theluji umefungwa miguu yote miwili, unakwenda nao popote uendako, pamoja na chini. Wanaotoka Kitintale huwa wanapata usawa haraka, halafu siku ya pili wanatukana kwa sababu wanataka kuruka nje ya ubao na haiwezekani. Zege pia halina huruma: vaa helmeti. Hapa panamfaa kijana ambaye nauli ya ndege bado, na yule mwenye nauli lakini safari ni miezi sita mbele.

Jambo moja linalohusu zote

Kifundo cha mkono. Wanaoanza ubao wa theluji huumia hapo sana kwa sababu unapoanguka unatanguliza kiganja. Nunua kinga za vifundo, vaa chini ya glavu, na ukianguka kunja ngumi. Mimi nilipata ufa mdogo, wiki tano za plasta, kwa sababu nilifikiri kinga ni za watoto. Na kiatu: kituo kimoja, sikitaji, walinipa mabuti makubwa namba moja, wakasema "vaa soksi mbili". Soksi mbili hazisaidii. Kisigino kikipanda ndani ya buti, ubao hausikii unachouambia. Rudisha, omba jingine, foleni ikuchukie.

Makoti nayo usinunue mapya. Owino, soko la mitumba la Kampala, kwenye mabelo ya nguo nzito, hutoka makoti ya theluji ya Ulaya ambayo wauzaji wanayaita ya boda wa usiku. Tafuta lenye kitambaa cha kuzuia unga wa theluji kiunoni, ndani, chenye vifungo. Wauzaji wengi hawajui ni cha nini, na wakati mwingine wanakikata wakiona kinawasumbua wateja.

Kwa hali yako

Una siku nne, hujawahi kugusa theluji, na una mtu Dubai: nenda Dubai, chukua masomo siku tatu mfululizo, saa chache kila siku, badala ya siku moja ya kujiua.

Mko watatu au wanne, mna wiki nzima ya Julai na viza zimetoka: Lesotho, katikati ya wiki. Aliyewahi kupita Dubai atafaidi mteremko siku ya kwanza. Ambaye hajawahi apewe siku mbili za ziada.

Likizo yako ni Desemba na watoto wako nyumbani: msimu wa theluji wa Lesotho umeshapita, umebaki na Dubai au Moroko. Kwa watoto wadogo ningesema Dubai bila kufikiri. Kwa mtu mzima anayejua kugeuka na anayetaka kuona Marrakech hata mbingu ikigoma, Moroko, na asikate tiketi ya mlima kabla ya kuangalia utabiri wa wiki hiyo.

Unawaza mashindano? Jina la kulifuatilia ni Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda aliyejifunzia ubao Marekani na kuweka lengo la kuivalia Uganda Olimpiki ya majira ya baridi, ambako mchezo huu uliingia mwaka 1998 kule Nagano. Kwa lengo kama hilo Dubai na Lesotho ni mlango tu. Itabidi uishi karibu na milima, na hilo ni jambo la masomo au kazi nje, si la likizo.

Na kama akiba bado haijafika nusu, panda boda kesho uende Kitintale na mapema, kabla vijana wa mtaa hawajajaza bustani. Ukisukumwa kwa nyuma taratibu ukiwa umesimama wima miguu pamoja, mguu utakaoutanguliza usianguke, mara nyingi ndio wa mbele. Wangu ni wa kulia. Ilinichukua siku nzima Dubai na somo la kulipia kuligundua hilo, na mwanangu aliligundua jikoni kwa sekunde moja, dada yake alipomsukuma.